Uzi: Mama mchungaji wa Dodoma na siasa zinazoanzia kwenye ndoo ya maji

#1 Chigogo_Halisi

Mbukwenyi wakuu.

Kuna dhana imeota mizizi humu jamvini kwamba mama mchungaji, hasa yule wa miaka ishirini na kitu aliyeolewa juzi na mchungaji aliyetoka chuoni juzi, hana maoni ya siasa. Kama anayo basi ni ya mumewe, na mumewe kayatoa kwa askofu. Anayesema hivyo hajawahi kukaa jikoni kwake asubuhi.

Saa kumi na moja alfajiri koki inafunguliwa kama ni siku ya mgao. Saa kumi na mbili mlangoni kuna mtu. Bibi anaomba nauli ya kwenda Benjamin Mkapa na karatasi yake ya rufaa mkononi. Mama ambaye mwanawe hajapeleka mahindi na maharage ya chakula cha shule, na mvua za mwaka huu zilikatika Februari. Kijana aliyekuja na begi kutoka Kigoma kufanya usaili pale UDOM, mfukoni ana barua ya mchungaji wa kwao. Hakuna hata mmoja aliyeanzia kwa mtendaji. Wote wameanzia hapo, kwa kuwa hapo hapafungwi saa tisa na nusu alasiri.

Sasa mtu anayepokea hayo siku sita kwa wiki, ya saba akapike chakula cha wageni wa ibada, asiwe na maoni kuhusu maji, hospitali, shule na ajira? Ada imefutwa sekondari tangu 2016, kidato cha tano na sita tangu 2022, na yeye ndiye anayejua kilichobaki kwenye karatasi ya michango, mstari kwa mstari.

Ninachouliza ni hiki: maoni hayo ayabebe vipi? Ayaseme wapi, ayanyamazie wapi, na kazi za nyumba ile zifanyikeje zisimmalize? Wanaojua washushe nondo. Hadithi za "mimi na mama mchungaji wetu" tuziache.

#2 NdooIshirini

Anza na maji. Pale Dodoma mjini ukiyamaliza hayo umemaliza nusu ya uzi.

Nyumba ya watu sita inataka si chini ya lita 120 kwa siku kwa kupika, kuoga, kufua kidogo na choo cha kumwagia. Hizo ni ndoo sita za lita ishirini. Nyumba ya mchungaji haina watu sita, ina sita na wageni, kwa hiyo weka ndoo tisa. Tanki la lita 1,000 likishajaa linakwenda siku tano tu, wakati mgao kwenye mitaa ya juu unaweza kuchelewa kuliko hapo. Linalotakiwa ni la lita 5,000.

Na la kulijaza liko juu ya kichwa. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la kanisa la mita 10 kwa 20 ni mita za mraba 200. Zidisha kwa 550, unapata lita 110,000. Toa sehemu ya tano inayorukia nje na kukauka, zinabaki 88,000. Makanisa mangapi yanaziacha zikachimbe makorongo uwanjani, halafu Jumamosi akina mama wanasukuma madumu kwenye toroli?

Gata iteremke sentimita moja kila mita mbili, bomba la kushushia liwe la inchi tatu au nne. Mvua ya kwanza usiiingize tankini. Kiangazi chetu ni miezi saba, bati limebeba vumbi, majani na kinyesi cha njiwa. Kwa paa la nyumba la mita za mraba 80 mwaga lita 80 za mwanzo, yaani madumu manne, ndipo ugeuze bomba. Kinachoharibika mara nyingi si tanki, ni mfuniko: ukiacha mwanya, mbu wanazaa humo na mjusi anafia humo.

Umeona siasa ilivyoingia? Mama mchungaji anayejua hesabu hii, mgombea akisimama na kusema "tutaleta maji" atamuuliza lita ngapi, kutoka kisima gani, kwa bomba la inchi ngapi, na lini.

#3 Zabibu_Kavu

Mgombea atahama jimbo.

#4 Upawa

Nyongeza ya jikoni, wengi hawajui. Maji mengi ya visima vya Dodoma ni magumu, yana chokaa, ndiyo maana birika linaota ugaga mweupe ndani. Maharage yakichemshwa kwa maji hayo hayaivi, yanakaa na ganda gumu mpaka mkaa unaisha. Yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, na ya kuchemshia yawe ya mvua kama yapo. Hayapo, tia magadi kiasi cha ncha ya kijiko kwa sufuria ya kilo mbili. Chumvi mwisho kabisa.

Wageni 60 baada ya ibada: mchele kilo saba na nusu, maharage makavu kilo nne, mafuta lita moja na robo kwa vyote viwili, vitunguu kilo mbili, nyanya kilo tatu. Mchele huo usipikwe sufuria moja. Gawa mara mbili, la sivyo chini unaungua na juu ni kiini. Kabichi tatu kubwa. Nyama ikiwepo, kilo sita zinatosha mchuzi, si za kuchoma. Za kuchoma waende wenyewe mnadani Msalato Jumamosi.

Kuhusu kuni: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa Januari 2024. Kanisa la kawaida halifiki hapo isipokuwa wakati wa kongamano. Ila jikoni ndiko wanakojua mtungi wa gesi wa kilo 15 unaisha lini, na bei ya kuujaza ni hoja ya kisiasa kuliko hotuba yoyote ya nishati safi.

#5 Chigogo_Halisi

Dada Upawa umesahau ilende, mlenda wetu wa Kigogo.

#6 Upawa

Sijasahau kaka, nilijua utauliza. Maji lita moja, magadi nusu kijiko cha chai, yachemke kwanza. Unga wa mlenda mkavu vijiko vinne vya chakula, unaunyunyiza kwa mkono huku unakoroga, ukiumwaga wote unashika mabonge. Karanga za kusaga vijiko vitatu. USIFUNIKE. Ukifunika unafura, unamwagika, moto unazimika. Dakika nane umeiva. Ugali wa uwele pembeni, na mgeni wa kutoka Bukoba mwonye kabla hajatia mkono.

#7 MzeeWaBaraza

Nimesoma. Maji sawa, maharage sawa. Lakini mke wa mchungaji kuwa na "maoni ya kisiasa" ndiko makanisa yanakogawanyika. Waumini wapo wa vyama vyote. Akisema neno moja, nusu ya kwaya haiji mazoezini. Mwanamke wa nafasi ile ni wa kusikiliza, kufariji na kuomba. Mnamsukuma mtoto wa watu kwenye moto.

#8 Barua_ya_Utambulisho

Shikamoo mzee. Una nusu ya hoja, na nusu hiyo ni ya kweli: kipaza sauti cha kanisa si mahali pake. Wala si mahali pa mumewe. Katiba ya 1977 ibara ya 19 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Upande wa pili, Sheria ya Vyama vya Siasa hairuhusu kusajili chama kinachopigania dini fulani. Kanisa lenyewe limesajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya, Sura 337, kwa hiyo likitamkwa neno la siasa mimbarani barua inaandikwa kwa kanisa zima. Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alifuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima, na mjadala uliofuata kila mtu aliusikia. Uwe upande wowote, jifunze kwamba gharama ya mimbari hulipwa na wote waliokaa kwenye viti.

Nusu ya pili ya hoja yako ndiyo siikubali. Mama mchungaji ni mkazi. Ana miaka 18 na zaidi, basi ana kura na ana kiti kwenye mkutano wa mtaa wake. Kule vijijini, Mvumi, Chilonwa, Kongwa, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Aende. Avae kawaida, akae na akina mama wa dini zote, anyooshe mkono aseme jina lake bila kutaja kanisa wala cheo cha mumewe, aulize jambo moja lenye tarakimu. "Mwenyekiti, tozo ya kisima ilikusanywa shilingi ngapi tangu mkutano uliopita, na pampu imetengenezwa kwa ngapi?" Akae chini. Muhtasari uandike swali na jibu. Hapo hajagawa kwaya ya mtu.

Mambo matatu yanayowakwaza wageni. Kwanza, mjumbe wa nyumba kumi. Wengi wanadhani ni serikali. Tangu vyama vingi virudi 1992 yule ni kiongozi wa shina la CCM. Akija kumkaribisha mama mchungaji na daftari, apewe chai na heshima zote, lakini barua ya utambulisho inatoka kwa mtendaji, na mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyechaguliwa na wakazi. Kujiandikisha kwa mjumbe si sharti la kuishi hapo.

Pili, uhamisho. Wachungaji wanahamishwa, na kadi ya mpiga kura haihami yenyewe. Wengi wamebaki na taarifa za kituo cha zamani, siku ya uchaguzi wako kilomita 200 kutoka kwenye jina lao. Daftari la kudumu likipita kuboreshwa, ahamishe taarifa siku ya kwanza au ya pili, asingoje ya mwisho ambayo foleni inazunguka shule.

Tatu, uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake. Kadi ya uchaguzi mkuu haikuingizi humo. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba na kura zikapigwa 27 Novemba, na wako waliokaa nyumbani wakisema "mimi nina kadi".

Kura ni siri, mzee wangu. Hata ya mke kwa mumewe.

#9 MzeeWaBaraza

Marahaba. Hilo la kutotaja kanisa kwenye mkutano nalikubali.

#10 GejiIshiriniNaNane

Mmeruka harambee. Dodoma ina waheshimiwa wengi kuliko vyakula vya kuwapikia, na kipindi cha bajeti, Aprili mpaka Juni, kila ujenzi wa kanisa una mgeni rasmi. Anayepanga meza, maua, chakula na orodha ya salamu ni mama mchungaji, kwa hiyo yeye ndiye anayeweza kuiharibu siku au kuiokoa.

Mgeni akae mstari wa mbele, si madhabahuni. Salamu zake ziwe kabla ya sadaka, dakika tatu, kwa kipaza sauti cha chini. Atambulishwe kwa jina na wadhifa, chama kisitajwe, na kwaya isibadilishe maneno ya wimbo kumtia jina lake. (Kwaya zinapenda hilo. Zungumza na mwalimu wa kwaya Alhamisi, Jumapili umechelewa.) Kampeni zikishaanza asialikwe kabisa, wa chama chochote. Zawadi kipindi kile zinaangukia kwenye Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na nyumba ya ibada si uwanja wa kampeni.

Ahadi iandikwe kitu, kipimo, tarehe na namba ya simu ya msaidizi. Ukiandika "bati 100" tu, zitakuja 100 za geji 32. Geji ikiwa kubwa namba, bati ni jembamba. Upepo wetu wa Agosti unalikunja la 32 kama karatasi ya maandazi. Andika "bati 100, geji 28, futi 10, na misumari yenye mpira". Zikifika zihesabiwe na watu watatu, risiti itolewe, tangazo lisomwe hivihivi: "Tumepokea bati 100." Likiongezwa neno la shukrani kwa "chama chetu" hapo, mzee wa #7 anakuwa na haki yake yote.

#11 Zabibu_Kavu

Na bati 40 zikija badala ya 100?

#12 GejiIshiriniNaNane

Zinasomwa 40, mkuu. Kwa sauti ileile.

#13 Kitalu_D

Mnazungumza kanisa na maji, hamjagusa kinachomnyima usingizi: nyumba si yake. Amefika ana miaka 25, nyumba ina mpapai, ina wigo, anapanda maua. Ni mali ya kanisa. Mume akihamishwa wanaondoka na vyombo. Mume akifariki, baada ya msiba nyumba inahitajika kwa mchungaji anayekuja. Mjane wa miaka 38 na watoto watatu anarudi kwao Mpwapwa na makochi. Ndiyo maana ukimsikiliza vizuri, siasa yake ya kwanza ni ardhi.

Na ardhi ya Dodoma haina huruma tangu serikali ihamie. CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33, hati ya kawaida ni 99, kwa hiyo anayenunua kwa mtu aangalie anauziwa hati ipi na imebakiza miaka mingapi.

Asinunue kwa maneno ya dalali wala kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa peke yake. Ile inathibitisha kwamba muuzaji anafahamika, haithibitishi kwamba kiwanja ni chake. Achukue namba ya kiwanja, kitalu na eneo, aende ofisi ya ardhi afanye upekuzi, alipie, apate majibu kwa maandishi. Hapo anaona jina la mmiliki, kama kuna rehani au zuio, na matumizi yaliyopangwa. Kiwanja kimoja kuwa na barua mbili za toleo ni ugonjwa wa zamani mjini hapa, na unaonekana kwenye upekuzi kabla ya pesa kutoka. Kisha mpima aoneshe mawe ya mipaka, yote manne, kwa macho. Jiwe likiwa limeng'olewa, simamisha malipo.

Majina mawili kwenye hati. Si kwamba mchungaji haaminiki. Kifo ndicho hakiaminiki. Na achangie NSSF kwa hiari, inapokea waliojiajiri. Sadaka ya shukrani ya kila mwaka haijawahi kuwa pensheni.

#14 Upawa

Hapo pesa zinatoka wapi Kitalu? Posho ya mchungaji wa mtaa mpya unaijua.

#15 Kitalu_D

Kikundi. Lakini kisajiliwe, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya kukopeshana viko daraja la nne na vinatakiwa viwe na usajili. Kikiwa na katiba, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana, kinaweza kuomba ile asilimia 10 ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba. Mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kosa linaloua vikundi vya kanisani ni kumfanya mama mchungaji mwenyekiti na mweka hazina kwa pamoja, eti ni mwaminifu. Mkopo ukichelewa, waumini wanadai mkopo kwenye ibada. Awe mwanachama tu.

#16 Dawati

Naingia na zito. Mlango wa nyumba ile usiku unagongwa na mwanamke aliyepigwa au binti aliyebakwa. Mama mchungaji ndiye wa kwanza kumwona, na saa moja ile ya kwanza ndiyo inayoharibika.

Binti asioge, asibadilishe nguo kabla ya hospitali. Ikibidi abadilishe, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa. Nailoni inaozesha ushahidi. Dawa za kinga ya VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Kwa hiyo huwezi kusema "tungoje mchungaji arudi kutoka Hombolo". Wakifika polisi waende dawati la jinsia na watoto, wachukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kama ni mtoto, namba 116 haina malipo. Na kikao cha wazee wa kanisa kusuluhisha ubakaji hakipo kisheria. Hakipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo imekataza wazi mume kumchapa mke, na hakuna mstari wa Biblia unaoifuta.

Halafu ndoa. Sheria hiyohiyo inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, mvulana 18. Kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Hapa ndipo mama mchungaji anakuwa mwanasiasa atake asitake, kwa sababu tangazo la ndoa linapita mezani kwake siku 21 kabla. Aombe cheti cha kuzaliwa. Hakuna, aombe kadi ya kliniki na ya ubatizo, azilinganishe miaka. Ubatizo uliofanyika kabla ya kuzaliwa umewahi kuonekana kwenye makaratasi ya watu. Binti akiwa ni mwanafunzi, hakuna tangazo.

Na aliyejifungua shuleni arudi shule. Waraka wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2021 umeruhusu. Mama mchungaji aende naye kwa mkuu wa shule, aombe kupokelewa, na mtoto abaki na bibi mpaka saa tisa.

#17 MzeeWaBaraza

Hili la #16 linafaa kubandikwa mlango wa ofisi ya kanisa. Sibishi.

#18 Bando_la_Usiku

Kwenye simu kifupi. Namba mbili: ya kanisa na ya kwake. Ile ya kanisa isiwe na stetasi ya siasa, hata emoji, watu wanasoma rangi ya moyo. Kundi la akina mama liwekwe wasimamizi pekee ndio wanaotuma, angalau kuanzia uteuzi wa wagombea hadi matokeo. Habari isiyo na chanzo asiisambaze hata kwa "nimetumiwa hivi, ni kweli?", maana kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kina faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sauti za WhatsApp ndizo mbaya zaidi. Zinakatwa, zinasambazwa bila mwanzo.

#19 Zabibu_Kavu

Swali la mwisho, si la mzaha. Vile vitenge vya kijani na njano vya kampeni, kwaya ya akina mama imegawiwa pea 30, na ni vitenge vizuri. Mama mchungaji afanyeje?

#20 Barua_ya_Utambulisho

Vya kwake asipokee, aseme asante nina sare. Vya wenzake si juu yake kuvikusanya, kila mmoja ana chama chake au hana. Anachoweza kuamua ni kimoja: sare ya Jumapili inaandikwa kwenye kikao cha kwaya mwezi kabla ya kampeni, rangi na kitambaa, na muhtasari unasainiwa. Vya kijani, vya bluu, vya zambarau, vyote vibebee watoto.

#21 Upawa

Na kufungia sufuria za wali. Kitenge kizito hakipitishi joto.